Waya Niliokata kwenye Kinanda cha Kamau

Mpaka leo nikipita Witeithie kuna watu hunisimamisha kando ya barabara wakaniuliza, huku wamebana cheko, kama marehemu amepiga simu siku hizi. Nami hucheka nao, nifanye nini, lakini nikishawapita uso huniwaka moto, kwa sababu marehemu wanayemsema ni kaka yangu wa tumbo moja, na aliyefanya mazishi yake yageuke kuwa kichekesho cha mji ni mimi mwenyewe, Wambui, na sina mtu mwingine wa kumsingizia. Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi kwa njia ya kuchekesha, hata kwenye harusi nimewahi kuisimulia. Leo nitaisema vile ilivyokuwa. Mkitaka kucheka chekeni, sitawakataza.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani yangu pale Gitothua, Ruiru, kwenye kibanda kimoja na rafiki yangu Njeri, tunashona sare za shule, magauni ya harusi na (biashara haichagui) vitambaa vya kupamba majeneza. Na kama umewahi kukaa karibu na fundi wa nguo unajua ugonjwa wetu: tukiona uzi unaning'inia hatutulii. Hata kanisani nikiona uzi kwenye kola ya mtu aliye mbele yangu, mahubiri yote yananipita, macho yangu yako kwenye ule uzi tu, na mkono unatafuta makasi kwenye mkoba. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniangamiza.

Kaka yangu Kamau alikuwa fundi wa redio na televisheni. Kibanda chake kilikuwa kwenye ploti ya Mama huko Witeithie, na alikuwa mtu wa kutengeneza vitu ambavyo hakuna aliyemtuma. Siku moja akaona kwenye simu mtu fulani wa ng'ambo amesimama mbele ya sanduku, anapunga mikono hewani bila kugusa chochote, na muziki unatoka. Chombo hicho kinaitwa theremini. Kamau alichanganyikiwa nacho kabisa, akawa anakula akiongea theremini, anaoga akiongea theremini, mpaka akajitengenezea yake kwa vipande vya redio za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Lilikuwa sanduku la mbao tu. Upande wa kulia imesimama eria ya redio ya zamani, upande wa kushoto bomba la shaba limepindwa kama mkono wa kikombe. Ukisogeza mkono wa kulia karibu na eria, sauti inakuwa nyembamba. Ukiuondoa, inakuwa nzito. Mkono wa kushoto ukiuweka juu ya lile bomba, sauti inanyamaza. Ukiuinua, inatoka yote. Kamau akishapata mwendo wake, ungedhani kuna mama mmoja mpweke amejifungia humo ndani anaimba.

Jumapili moja mchana alinifungulia kifuniko nione. Mimi nilitegemea kuona jambo kubwa, nikaona waya za shaba zimezungushwa kwenye vichupa vya dawa, vitu vidogo vidogo vya rangi rangi vimechomelewa, na vumbi.

"Wewe na Njeri mkikanyaga cherehani pamoja," akaniuliza, "husikiangi kuna mngurumo fulani unakuja na kwenda?"

"Nasikianga."

"Huo mngurumo si wa cherehani yako na si wa ya Njeri. Ni ile tofauti yenu. Mkienda mwendo sawa sawa, unapotea. Mmoja akiharakisha kidogo, unarudi. Basi humu ni hivyo tu." Akanigusia vichupa viwili kwa bisibisi. "Hiki kinaimba sauti moja, hakibadilishi. Hiki kingine kimeungwa na eria, na mwili wa mtu ukikaribia kinaimba tofauti kidogo. Zote mbili ziko juu sana, hata mbwa hasikii. Wewe unasikia ile tofauti peke yake."

"Kwa hivyo hakuna pepo?"

"Pepo ni wewe," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. "Kweli tena. Mtu ni sehemu ya hii kitu kama hiyo koili, hizo waya za kuzungushwa. Si mkono pekee, hata tumbo, hata mtu ameketi tu hapo kando. Anahesabika."

Kulikuwa na waya mwingine wa kijani uliotokea nyuma ya sanduku, mrefu, una kibanio mwishoni, ambao aliupitisha dirishani akaubana kwenye bomba la mfereji uani. Aliniambia unafanya kazi gani. Najua aliniambia, kwa sababu nakumbuka midomo yake ikisogea. Lakini mteja mmoja alikuwa ananipigia simu kuhusu zipu, na mimi nikawa nasikiliza ya zipu. Na Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, kama kawaida, kwa sababu Kamau kila akitaka kukirekebisha chombo alimwita: "Maitu, njoo ukae hapa." Mimi nilidhani ni mapenzi ya mtoto na mamake.

Sasa kuna Baba Mdogo Gitau. Huyu ni ndugu mdogo wa marehemu baba yetu, ni shemasi kanisani, na ana sauti ya mtu asiyehitaji maikrofoni. Kamau alipoomba kupiga theremini yake kwenye ibada, Gitau alimkatalia mbele ya kamati, akasema nyumba ya Mungu si mahali pa kuchezea pepo. Kamau akarudi kibandani kwake. Halafu kule kukohoa kwake kukazidi, kumbe ni mapafu, tukampeleka hospitali Thika, na hakurudi nyumbani.

Kwenye matanga, watu wamekusanyika kwa maombi, Gitau akasimama kutoa neno. Akasema, Mama akiwa hapo hapo mbele yake na leso mkononi: "Mimi sitaficha. Hiyo kitu ndiyo ilimkula kijana. Mtu hawezi kuimbia hewa kila siku na hewa isimjibu."

Hakuna aliyempinga. Watu walitazama chini, wengine wakatikisa kichwa vile watu hutikisa wanapokubali jambo baya. Watu walipoanza kutawanyika Mama akanivuta jikoni, akafunga mlango, akaniuliza kwa Kikikuyu, taratibu, kama anauliza kama ugali umeiva: "Hata wewe unaona hivyo? Kwamba alijiua na mikono yake?"

Nikamwambia hapana, Maitu, ni mapafu, daktari alisema ni mapafu.

"Daktari hakai Witeithie," akasema. "Mimi ndiye nitabaki hapa nikisikia hayo maneno. Basi siku ya kumzika wapigie wimbo wangu, ule aliozoea kunipigia, kwa kile kinanda chake. Wote wasikie. Wasikie ni wimbo tu."

Hilo ndilo alilotaka, na ndilo peke yake. Hakuomba maua wala jeneza la bei. Alitaka watu wasikie mwanawe alikuwa akitengeneza wimbo, ili aweze kuishi kati yao bila kunong'onewa. Nikamwahidi. Pasta naye (ni mtu mpole, simlaumu kwa lolote) akakubali, wimbo mmoja, baada ya mahubiri.

Wiki ile yote nilifanyia mazoezi kibandani kwa Kamau. Alikuwa amenifundisha kidogo enzi za uhai wake, na wimbo wa Mama ni ule wa pole pole usiopanda sana, hata mtu wa cherehani anaweza. Mama alikuja kila siku akaketi kwenye kigoda chake. Waya wa kijani ulikuwa umebanwa bombani vile Kamau aliuacha. Na mimi nikapiga, jamani, nikapiga! Si vizuri kama Kamau, lakini ule wimbo ulikuwa unajulikana, na Mama alikuwa anaufuata kwa midomo. Nikajiona nimefika.

Ijumaa nikaharibu.

Nilikuwa nimeshona kitambaa cha jeneza, satini ya zambarau na lesi nyeupe pembeni, na kipande kilibaki. Nikakitazama kile kinanda na mbao zake zilizokwaruzika, nikawaza watu wote watakaokitazama, nikawaza Gitau, nikaamua nikishonee vazi lake kilingane na jeneza. Nikapima, nikakata, nikalishona lile vazi likakibana barabara, bila hata kukunjamana, likafunika mbele, likafunika nyuma, likafunika hata swichi. Kazi safi. Njeri alipokiona alisema hicho sasa ni kitu cha kuingia kanisani.

Ila nyuma kulikuwa na ule waya wa kijani. Unatokea katikati ya mshono wangu, unaning'inia mpaka chini, na kibanio chake chenye kutu. Niliuficha kwa ndani, ukafanya uvimbe. Nikaukunja, ukajikunjua. Nikajiambia kanisani hakuna bomba la mfereji pale mbele, kwa hivyo huu hauna kazi huko. Nikachukua makasi, si ya waya, makasi yangu ya kitambaa ambayo hata Njeri simwachii, nikaukata pale pale kwenye mshono kama uzi uliozidi.

Nikawasha kidogo, kikalia. Nikazima, nikaridhika.

Jumamosi uwanja wa kanisa ulijaa mpaka kwenye ua. Jeneza liliwekwa mbele ya hema, kando yake meza yenye picha ya Kamau na shada la maua, na hapo mezani nikaweka kinanda, kwanza kwa sababu waya wa umeme ulifika hapo tu, na pili kwa sababu zambarau na zambarau zilipendeza pamoja (haya, nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka). Jamaa wa mitambo akakiunganisha na spika zake kubwa, akaniambia, "Iko poa, madam," akaenda kunywa chai nyuma ya jenereta.

Pasta alipomaliza mahubiri aliniita. Niliingiza mkono chini ya satini, nikapapasa mpaka nikaipata swichi, nikawasha. Kikaanza kulia kabla hata sijainua mkono. Nikatafuta kile kifundo cha kuzungusha ambacho Kamau alikuwa akirekebishia sauti, nikakizungusha mpaka kikatulia kidogo, nikavuta pumzi, nikaanza wimbo wa Mama.

Sijui niseme nini. Sauti niliyoizoea kwa wiki nzima haikuwepo. Mkono wangu ulikuwa pale pale ninapoujua, lakini sauti ilikuwa imehama. Nikiisaka inapanda, nikirudi nyuma inashuka kupita kiasi, mtu wa mstari wa mbele akibadilisha mguu nayo inabadilika, na zile spika zikachukua kila kosa na kulitupa mpaka barabarani. Ilikuwa kama mbuzi amekanyagwa. Watoto wakacheka kwanza. Halafu watu wazima wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha cheko. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikiacha hapo Gitau ameshinda, na kadiri nilivyoendelea ndivyo ilivyozidi kuoza, mpaka Pasta akanionea huruma akasimama.

"Tumshukuru dada yetu kwa... kwa bidii," akasema.

Yakapigwa makofi ya huruma. Mimi nikataka kuzima, lakini swichi iko chini ya lile vazi lililobana, na watu wote macho kwangu. Nilijaribu mara moja, nikaikosa, nikaachana nayo. Hata hivyo kilikuwa kimebaki na mvumo mdogo tu, ungedhani ni jenereta. Nikakimbia kuketi karibu na Mama.

"Umekifanya nini?" akaniuliza bila kunitazama.

"Sijui, Maitu."

Na kwa kweli sikujua.

Kisha ikatangazwa kutazama mwili. Mnajua inavyoendeshwa kwetu: mstari unapita upande mmoja wa jeneza unatokea upande wa pili, majirani kwanza, familia mwisho, na mama mzazi mwisho kabisa. Wa kwanza alikuwa Mama Shiro, jirani yetu anayeuza mboga, mwanamke mwenye mwili wake. Akasogea, akainama juu ya uso wa Kamau, na kwenye zile spika kukatoka mgumio, mzito, ukipanda polepole. Uuuuuu.

Mama Shiro akarudi hatua nyuma, mgumio ukashuka. Akasogea tena, ukapanda.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Kamau?"

Na hapo ndipo kila kitu kilipovunjika. Mtu akapiga kelele kwamba maiti imepumua. Mwingine akasema ni spika, wacheni ushamba. Huyo wa spika akajitia ushujaa, akapita mbele ya jeneza kifua mbele, na sauti ikapanda akikaribia ikashuka akiondoka, kama mtu anasalimiwa na kuagwa. Akatoka upande wa pili jasho tupu. Akaja bibi mmoja mdogo mwembamba, sauti ikawa ndogo. Akaja mzee mwingine mnene, ikawa kubwa. Nikasikia nyuma yangu mwanamke akimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu anawalilia zaidi wale waliomkosea, na neno hilo likapita viti vyote vya hema kabla sijageuka kumtazama aliyesema.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nasikia maneno ya Kamau masikioni, mtu ameketi tu hapo kando anahesabika, na nikajua ni miili yao inayokiimbisha. Lakini sikuinuka kitini. Ungesimamaje mbele ya watu mia wanaolia na kuomba uwaambie samahani, ni mimi, nilisahau kuzima?

Gitau akainuka. Alikuwa shemasi, kulikuwa na vurugu, kazi yake ni kuleta utaratibu. Akatembea mpaka kwenye jeneza, na ili kuonyesha kwamba haogopi, akaweka mkono mezani, kiganja kizima, kando ya eria.

Kinanda kikapiga yowe. Sijawahi kusikia sauti kama ile, na nimekaa na wanawake wanaojifungua.

"Amemkataa!" mtu akapiga kelele. "Amemkataa ami yake!"

Nitasema ukweli ulivyo: kwa muda mfupi nilifurahi. Nilimwona Gitau, watu wakimtazama vile yeye alivyofanya watu wamtazame Kamau, nikasema moyoni, onja basi. Lakini Gitau si mtu wa kuonja kitu. Akageuka akakiona kile kinanda katika vazi langu la zambarau, akakinyooshea kidole.

"Si nilisema!" akanguruma. "Si niliwaambia kuna pepo humo? Sasa mmesikia na masikio yenu!"

Wakasikia, ndiyo. Wote wakaitikia.

Hapo nikainuka. Nikaruka mbele kukizima, na kumbe kukikaribia ndiko kukilisha. Nikivuta lile vazi, kinalia; nikirudi nyuma nipate nafasi, kinashuka; nikirusha mkono juu ya bomba la shaba kukinyamazisha, nao ukawa unapita na kurudi, kinapaza na kunyamaza, kinapaza na kunyamaza, na kwa macho ya watu waliokaa mbali mimi nilikuwa nimesimama juu ya maiti ya kaka yangu nikipunga mikono, nayo inanijibu. Vazi halikutoka. Mshono ulikuwa mzuri mno. Pasta wa watu akaanza kukemea: "Shindwa! Shindwa!" Mama Shiro akaangukia viti vya plastiki akaenda navyo. Watu wakakimbilia lango, wengine wakapita kwenye ua, kiatu cha mtu kikabaki hapo kwa muda mrefu. Na wale ambao hawakukimbia walikuwa wanatoa simu. (Hiyo video ilifika Ruiru kabla yangu. Njeri alinipigia akiuliza kama niko salama, na nikamsikia anajibana asicheke.)

Mwishowe jamaa wa mitambo akaacha chai yake, akazima jenereta. Kukawa kimya.

Nilipoinua uso hema lilikuwa na viti vilivyopinduka na karatasi za ratiba chini. Na Mama. Mama alikuwa bado kwenye kiti chake. Akasimama, akajipangusa sketi, akaja peke yake polepole mpaka kwenye jeneza, bila mstari, bila wimbo, hakuna hata mtu wa kumshika mkono kwa sababu mimi niliogopa kumgusa. Akamtazama mwanawe. Akamrekebishia kola. Kisha akaniambia, "Waite waje wamzike," akarudi kukaa.

Tulimzika na watu wachache, kwa maombi ya haraka haraka. Hakuna aliyenisemesha, na mimi sikutaka kusemeshwa.

Jina la Kamau halikusafika. Lilizidi kuchafuka. Kabla ya hapo ilikuwa ni Gitau amesema. Baada ya hapo ikawa kila mtu amesikia mwenyewe. Nilijaribu kuwaeleza. Nilisimama sokoni nikamwambia Mama Shiro habari za koili mbili na tofauti yake, nikamwekea na mfano wa cherehani, naye akanisikiliza vizuri, akanipa sukumawiki ya bure, akasema, "Pole mami, Mungu atakuponya." Mama hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu. Alikuwa tu anatoka kanisani mapema, kabla ya watu kuanza kusalimiana.

Siku moja nikaenda Witeithie nikajifungia kibandani. Nikachukua kisu cha kufumulia, nikaufumua ule mshono wangu kidogo kidogo, nikalitoa lile vazi. Ndani nikakikuta kipande cha waya wa kijani kilichobaki, nikakifuata kwa kidole: kinatoka nje, kinapita chini ya vichupa vyote viwili, kimechomelewa kwenye kila kitu. Hakuna kitu humo ndani ambacho hakikushikana nao. Ndio uliokuwa unakishikilia ardhini, hicho ndicho Kamau alichokuwa akinieleza nikisikiliza habari za zipu. Bila huo kilikuwa kinaelea tu, kila anayepita anakibeba.

Nikauunganisha tena ule waya niliokata, nikaupitisha dirishani, nikaubana kwenye bomba la mfereji. Nikawasha. Kikatoa sauti moja, nyembamba, imesimama tu, haitetemeki lakini hainyamazi. Nikasema moyoni, hata sasa? Sikuthubutu kugusa kifundo, nilikuwa nimeshagusa vya kutosha.

Mama akaisikia akiwa jikoni. Akaja akasimama mlangoni na mikono yenye unga. Nikaona aibu, nikataka kuzima, akanikataza kwa kichwa. Akaingia, akavuta kigoda chake pale pale kilipokuwa kikikaa siku zote, akaketi, akaweka mikono mapajani.

Sauti ikashuka, ikashuka, ikaisha.

"Hapo sasa," Mama akasema. "Alikuwa ananiambia nikae hapa na nisisonge, ndio akiweke sawa."

Kamau alikirekebisha na Mama akiwa sehemu yake, amehesabiwa. Siku ile kanisani Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, mbali nacho, na mimi nilikuwa na wasiwasi wa rangi ya zambarau.

Nilijaribu kumpigia wimbo wake. Noti ya kwanza ikatoka safi kabisa, na Mama akaitikia kwa kichwa. Ya pili sikuipata, mikono ilikataa, na haijakubali mpaka leo.

Siku hizi sikati uzi wa mtu ovyo. Wateja wa Gitothua wanalalamika nimekuwa mzito, maana nikiona uzi unaning'inia naufuata kwanza mpaka unapoanzia, nijue umeshika nini, ndipo nichukue makasi. Na nimeapa sitashona tena vazi la kitu ambacho hakikuniomba nguo.

Jumapili nikienda kwa Mama, tukishakula, huniambia, "Kiwashe." Nakiwasha, yeye anaketi kwenye kigoda, mimi naketi mbali, na kinanda kinakaa kimya hapo kati yetu. Hatuongei. Mimi natazama nje dirishani kule kwenye bomba, simtazami yeye. Kikianza kulia kidogo, najua ameinua mkono kupangusa macho.